Nchi Isiyo na Mfalme Ndani ya Gemu

Gemu ya Victoria 3, iliyotolewa mwaka 2022 na kampuni ya Paradox ya Sweden, humkabidhi mchezaji dunia nzima kuanzia mwaka 1836 hadi 1936. Akitaka kuiongoza Uingereza, ataiongoza. Akitaka Japani au Misri, ni chaguo lake. Lakini jamii ambazo hazikuwa na serikali moja ya katikati zimetengewa kundi lao. Zimo kwenye ramani, zina watu na zina ardhi, ila mchezaji hawezi kuzichagua. Kazi pekee aliyopewa juu yao ni kuwaendea kutoka nje na kuwafanya koloni.

Miaka hiyo mia moja ndiyo iliyowatoa Wameru na Waembu, majirani wa mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, kwenye utawala wa mabaraza na marika na kuwaweka chini ya mkuu wa wilaya (DC) na chifu. Katika gemu hiyo, mambo yao yote ya karne nzima huamuliwa na mkono wa mgeni. Wabunifu wake hawakukusudia dharau, naamini hivyo. Walikwama mahali ambapo kila mbunifu wa gemu za mikakati hukwama akifika kwenye nchi isiyo na mfalme: hajui uso wa nani auweke kwenye skrini.

Kiongozi katika gemu za namna hii ni kanuni iliyovikwa uso. Sid Meier na wenzake walipotoa Civilization ya kwanza mwaka 1991, kila taifa lilipewa kiongozi mmoja, na Wazulu walipewa Shaka. Katika toleo la nne, la mwaka 2005, kila kiongozi alibeba sifa mbili za kudumu. Shaka alikuwa mkali wa vita na mpanuzi wa nchi, Mansa Musa wa Mali akawa tajiri na mcha Mungu. Toleo la sita, la mwaka 2016, lilikwenda mbali zaidi: kila kiongozi akawa na uwezo wake wa pekee, pamoja na ajenda inayomfanya apende au achukie mambo fulani kwa wenzake. Baadhi ya kazi hizo ni nzuri kweli. Mvemba a Nzinga wa Kongo, yule mfalme aliyepokea Ukatoliki kutoka kwa Wareno, amenyimwa ndani ya gemu nafasi ya kujenga maeneo matakatifu na kuanzisha dini, lakini akiipokea dini ya wengine anafaidika nayo. Hapo mbunifu amechukua tukio la historia akaligeuza kuwa kanuni, na mchezaji anaihisi historia kwa kukosa kitu.

Afrika Mashariki imekuwa ikiingia kwenye mfululizo huo hatua kwa hatua. Lugha yetu ilitangulia, kwani wimbo wa ufunguzi wa toleo la nne ni "Baba Yetu" wa Christopher Tin, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Mombasa ilikuwa dola-mji katika toleo la tano, Zanzibar katika la sita. Toleo la saba, la mwaka 2025, limeleta Buganda yenyewe pamoja na Muzibu Azaala Mpanga, jengo kuu la makaburi ya Kasubi. Malango ni mawili basi: mji wa pwani wenye biashara, na ufalme wenye Kabaka. Meru na Embu hazina mji wa namna hiyo wala Kabaka.

Msimamo wangu ni huu. Ile kanuni ya kiongozi mmoja mwenye uwezo mmoja ilikwisha kuletwa katika mlima huu kabla ya kompyuta yoyote. Ilikuja kati ya mwaka 1906 na 1908, mikononi mwa maafisa wa Kiingereza waliohitaji mtu mmoja wa kumtuma na mtu mmoja wa kumlaumu. Anayetaka kubuni gemu ya Meru na Embu leo hana budi kuijua historia hiyo kwanza, la sivyo ataurudia utawala ule akidhani anatunga mchezo.

Wameru wenyewe huanza na Mbwaa. Wanasimulia kwamba wazee wao waliishi mahali palipozungukwa na maji, wakatekwa na watu walioitwa Nguo Ntune, wenye nguo nyekundu, wakafanywa watumwa. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi haya kwa wazee na kuyachapisha katika kitabu mwaka 1993, anaiweka Mbwaa upande wa kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Wenye nguo nyekundu walitoa mitihani isiyowezekana na kutishia kuwaangamiza watakaoshindwa. Walitaka kiatu chenye manyoya pande zote mbili, kikapatikana kwa ngozi ya shingo ya ng'ombe inayoning'inia. Walitaka tunda litolewe ndani ya shimo refu bila kuguswa, watu wakajaza maji shimoni hadi tunda likaelea juu. Kisha wakadai mkuki unaogusa mbingu. Huo haukupatikana, na Koomenjoe, aliyekuwa akitafuta majibu kwa niaba ya wote, akaona njia iliyobaki ni kuondoka. Inasimuliwa kwamba aliyapiga maji kwa fimbo yakagawanyika. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Na waliovuka jua limekwisha kutoka wakawa Njeru, weupe. Koo za Wameru hujitambua kwa rangi hizo hadi leo.

Mbunifu mvivu angemwona Koomenjoe kuwa zawadi. Ana jina, ana fimbo, ana muujiza. Angempa uwezo wa kuvuka maji mapema kuliko mataifa mengine na kazi ingekwisha hapo. Lakini tazama alichofanya mtu huyu. Hakujenga mji, hakushinda vita. Uwezo wake ulikuwa kujibu maswali ya mwenye nguvu kwa muda wa kutosha hadi watu wapate kutoroka, na ushindi wake ulikuwa kuacha kila kitu nyuma. Kwa hesabu za Civilization, taifa linalopoteza ardhi yake yote limeshindwa. Gemu inayomheshimu Koomenjoe ingebidi ianze pale ambapo gemu nyingine humalizikia, na ihesabu watu waliovuka badala ya ardhi iliyopotea. Tena muda wa kuvuka ungeamua wachezaji watapata koo zipi. Hilo ni jambo la kubuniwa kwa utamu sana, na limo ndani ya simulizi tayari.

Baada ya safari ndefu ya kutoka pwani, watu walipanda mlima na kugawanyika. Igembe na Tigania walikwenda vilima vya Nyambene, Imenti wakashika miteremko ya kati, wengine wakawa Igoji, Mwimbi, Muthambi, Chuka, na Tharaka chini kwenye joto. Hapakuwa na mji mkuu. Kilichowaunganisha ni marika, mabaraza, na mtu mmoja wa ajabu ambaye ningependa kukaa naye kidogo.

Mtu huyo ni Mugwe. Makundi kadhaa yalikuwa na Mugwe wake, yakiwemo Imenti, Igembe na Tharaka. Padri wa shirika la wamisionari la Consolata, Bernardo Bernardi, alimwandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1959, wakati nguvu za cheo hicho zikiwa zimeanza kufifia. Mugwe hakuwa mfalme, na hakuwa jemadari. Kazi yake ilikuwa kubariki: marika yakifunguliwa, vijana wakitaka kwenda vitani, nchi ikipatwa na shida. Kwa Mugwe wa Imenti, baraka hiyo ilikaa katika mkono wa kushoto. Mkono huo ulifichwa chini ya vazi lake daima, ukishika kitu kitakatifu cha cheo chake, na watu waliamini kwamba anayeuona atakufa.

Sasa mweke Mugwe mbele ya wachoraji wa gemu. Viongozi wa Civilization husimama mbele ya mchezaji, huinama, hunyoosha mikono, hukunja ngumi wakikasirika. Mchoraji asiyejua angemchora mzee mwenye ndevu akiinua mkono wa kushoto juu huku mwanga ukitoka kiganjani, maana ndivyo nguvu za kiroho zinavyochorwa kila mahali. Angekuwa amekosea pale pale ambapo Waimenti hawakuruhusu kosa. Nguvu ya Mugwe iko katika kutoonekana. Vazi lisitikisike, na mchezaji asijue kilichomo.

Kikanuni, Mugwe ni mtihani mgumu zaidi. Katika gemu nyingi, mchezaji akitaka vita hubonyeza, na jeshi likatoka. Katika Imenti vijana walikuwa na mikuki na hamu ya ng'ombe wa majirani, lakini baraka ilikaa kwa mtu ambaye yeye mwenyewe haendi vitani. Mchezaji anayeongoza rika la mashujaa ingembidi aende kuomba, angoje, na akubali uwezekano wa kunyimwa. Nimecheza gemu nyingi za mikakati na sikumbuki hata moja iliyonilazimisha kumwomba mtu ruhusa ya kupigana ndani ya nchi yangu mwenyewe. Ingenifundisha mengi.

Juu ya mambo ya kila siku lilikuwako baraza, na baraza la juu kabisa ni Njuri Ncheke. Mtu hajipeleki Njuri. Huitwa na waliomtazama kwa miaka wakaona maneno yake yana uzito, hutoa mifugo ya karamu ya kuingia, na akishaingia huwa chini ya siri na nidhamu ya wenzake. Mashauri hayapigiwi kura. Wazee huzungumza hadi neno libaki moja, na neno hilo likitoka halina jina la mtu juu yake. Anayelitangaza ni mugambi, msemaji, na wengi wasiojua humdhania ndiye mkuu.

Chini ya hayo yote yalizunguka marika. Kwa takriban miaka 15 rika moja lilikuwa la mashujaa, kisha likasogea, likawa la wazee wenye familia, kisha la watawala, kisha la wenye kutambika. Mamlaka yalikabidhiwa kwa sherehe inayoitwa ntuiko. Wakubwa hawakutoka bila kusukumwa, vijana walichokoza na kupigania nafasi yao, lakini mwisho walitoka. Embu nako hali ilikuwa na sura hiyo. Waembu humtaja babu yao Mwenendega, aliyeishi Mbui Njeru karibu na Runyenjes na ambaye mwanawe Kembu ndiye aliyewapa watu jina. Mbui Njeru ni kichaka kitakatifu hadi sasa. Mwenendega hakuacha kiti cha enzi. Jamii iligawanyika katika vizazi viwili, Nyangi na Kimanthi, vilivyopokezana madaraka, na kila kilima kilikuwa na baraza lake, kiama, la kuamua kesi na mipaka.

Mwaka 1906 jeshi la mkoloni, KAR (King's African Rifles), likaingia Embu. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki, aliyetembea vijijini Embu na Mbeere kuwahoji wazee, alikifikisha kitabu chake cha historia hai ya watu hao hadi mwaka huo wa 1906 na kukikomesha hapo, na ninaelewa kwa nini. Katika Civilization taifa hushindwa kwa kutekwa miji yake. Embu haikuwa na mji wa kuteka. Walichofanya Waingereza ni kuua watu na kuchukua ng'ombe na mbuzi hadi wazee wakasema basi. Kisha wakajenga ngome, na ngome hiyo ndiyo mji wa Embu wa leo. Kwa lugha ya gemu, mji mkuu wa Waembu ulijengwa na adui baada ya vita kwisha.

Habari zilipanda mlima haraka kuliko wanajeshi. Alipofika Edward Butler Horne mwaka 1908 kuanzisha kituo cha Meru, wazee wa Imenti walikwisha kusikia yaliyowapata majirani wa kusini. Vijana wenye mikuki walikuwepo. Wazee wakachagua kutopigana, na sehemu kubwa ya Meru ikaingia chini ya serikali bila vita. Horne alizunguka sana vijijini, na Wameru wakamwita Kangangi.

Kangangi alikuja na sheria mfukoni. Tangu mwaka 1902 serikali ya mkoloni ilikuwa na sheria ya kuteua wakuu wa vijiji, na sheria hiyo ilidai jina. Nani mkuu hapa? Swali lenyewe halikuwa na jibu Imenti wala Tigania. Aliyejitokeza mbele mara nyingi alikuwa msemaji, mtu aliyezoea kusimama na kutangaza neno la wengine, au kijana shupavu ambaye wazee walimtoa ili wao wakae nyuma na kutazama. Huyo akapewa cheo, akapewa askari, akapewa kodi ya kukusanya. Akawa chifu. Mwaka mmoja kabla yake hapakuwa na Mmeru hata mmoja mwenye uwezo wa kumwamuru mtu wa kilima kingine alime barabara. Sasa alikuwepo, na uwezo wake ulitoka nje ya jamii kabisa, ukiwa umeandikwa katika kitabu cha serikali.

Kila ninapoona skrini ya kuchagua kiongozi namkumbuka chifu yule. Jina, uso, uwezo mmoja, ajenda moja. Ndiyo maana sitaki gemu ya Meru ianze na skrini hiyo. Naitaka itokee katikati, mwaka 1908, kama tukio: mchezaji ambaye kwa saa nzima ameongoza kupitia baraza anaambiwa ghafla achague jina moja, na kila jina analolichagua linaharibu kitu. Akimtoa msemaji, Njuri inapoteza sauti yake. Akimtoa kijana, marika yanavurugika. Akikataa, Kangangi atajichagulia mwenyewe.

Miaka iliyofuata Njuri iliishi pembeni, wamisionari wakiishuku na maafisa wengi wasiielewe. Wakatoliki wa Consolata walifika mwaka 1911, Wamethodisti mwaka 1912, na mkutano wa usiku wa wazee ulionekana kwao kuwa jambo la giza. Aliyebadilisha mambo upande wa serikali ni H. E. Lambert, DC wa Meru katika miaka ya 1930. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa sababu nyingine, kwani ndiye baadaye aliyeandika juu ya lahaja za pwani ya kusini ya Kenya, Kivumba, Chichifundi na Kijomvu. Sikio lililosikia tofauti za Kivumba ndilo lililosikia kwamba kuna baraza linalotawala Meru chini ya machifu aliolipwa kuwasimamia. Akaitambua Njuri na kuifungamanisha na baraza la wenyeji la serikali. Wazee walipata heshima yao. Serikali nayo ilipata chombo.

Bei ya mapatano hayo ilionekana mwaka 1956. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na Njuri Ncheke, ikiwa na maafisa wa serikali nyuma yake, ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana Meru nzima. Neno la Njuri kwa kawaida lilitosha. Safari hii wasichana walikusanyika wao kwa wao na kukeketana bila wazazi na bila sherehe, wakijiita Ngaitana, nitajikeketa mwenyewe. Mwanahistoria Lynn Thomas ameonyesha kwamba katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa mahakamani kwa kuivunja amri ile. Desturi yenyewe siitetei hata kidogo. Iliwaumiza wasichana na inawaumiza bado. Ninachokitazama hapa ni amri. Mambo ya wasichana kuingia utu uzima yalikuwa mikononi mwa wanawake, katika mabaraza yao wenyewe, na Njuri ilikuwa baraza la wanaume. Ilitoa neno mahali ambapo neno lake halikuwa na mizizi, likiwa limebebwa na serikali iliyochukiwa.

Mbunifu mwenye akili angejifunza hapa kuliko mahali pengine popote. Uwezo wa kiongozi, katika gemu, hufanya kazi kila unapoutumia: umebonyeza, umepata. Uwezo wa Njuri ulikuwa na mpaka usioandikwa, na uliisha ulipouvuka. Gemu ingepaswa kumwachia mchezaji atoe amri hiyo, aione ikitangazwa, kisha imwonyeshe vijiji vikifanya kinyume kwa miaka mitatu huku faini zikilipwa. Na ingembidi awe na njia nyingine ya kuufikia mwisho ule mwema, kupitia wanawake wenyewe, njia ndefu ambayo mwaka 1956 haikujaribiwa.

Wakati huo huo msitu wa mlima ulikuwa na viongozi wa namna nyingine. Mau Mau iliwatoa Musa Mwariama na Baimungi upande wa Meru, Kubukubu upande wa Embu. Walijiita majenerali na mafildimasho, wakachukua vyeo vya jeshi lililokuwa likiwawinda, na kwa mara ya kwanza tunaona watu wa mteremko huu wakijipa wenyewe uongozi wa jina moja. Hao wangeingia kwenye gemu kwa urahisi. Mwariama aliishi msituni hadi uhuru bila kukamatwa, akatoka Desemba 1963 akapokelewa na Kenyatta, na picha zao wakiwa pamoja Wakenya wengi wameziona.

Juhudi za kuwachora viongozi wa kale zimekwisha kuanza nyumbani. Mwaka 2019 Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na Google waliweka mtandaoni mkusanyo mkubwa wa urithi wa jamii za Kenya, ukiwa na michoro ya mashujaa kwa mtindo wa vitabu vya katuni. Wamo Cierume wa Mbeere, mwanamke anayekumbukwa kwa kwenda vitani na fimbo ya ngoma, na Ciokaraine wa Meru, mpiga ramli. Nilifurahi kuwaona, hasa wanawake hao wawili, maana simulizi nyingi za huku zimepita midomoni mwa wazee wa kiume. Hata hivyo mchoro wa shujaa humtenga mtu na wenzake. Anasimama peke yake, upepo unapuliza nguo, nyuma hakuna mtu.

Tena kuna suala la idhini. Toleo la tano la Civilization lilikuwa limkaribishe Popé, kiongozi wa Wapueblo wa Marekani. Viongozi wa Wapueblo wakakataa sura yake itumiwe, na kampuni ya Firaxis ikawaacha na kuwaweka Washoshone mwaka 2013. Mwaka 2018 Milton Tootoosis, kiongozi mmoja wa Wakrii wa Kanada, alilalamika hadharani kwamba Poundmaker, chifu wao wa zamani, ameingizwa katika toleo la sita bila watu wake kuulizwa, na kwamba gemu ya kuteka nchi za wengine inapotosha alichosimamia. Malalamiko hayo nayapa uzito wote. Kwa upande wa Meru, mbunifu hana udhuru wa kutojua pa kubisha hodi. Nchiru iko Tigania Magharibi, nyumba ya Njuri ipo, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko hapo hapo Nchiru, na kinafundisha kompyuta. Wanafunzi wanaoweza kuandika programu ya gemu hii na wazee wanaojua kipi kisichorwe ni majirani. Embu nayo ina chuo kikuu chake tangu 2016.

Nikipewa nafasi ya kukaa nao, ningewasihi mchezaji awe baraza. Mbele yake pawe na wazee kadhaa wenye maneno yanayopingana, na zamu isiishe mpaka neno libaki moja. Kila baada ya miaka 15 ntuiko ifike, rika alilolilea kwa saa nyingi limponyoke na lingine lishike, likiwa na tabia yake na kinyongo chake. Wachezaji wa majaribio watalalamika, kwa kuwa gemu za mikakati zimewazoesha kujilimbikizia hadi mwisho. Walalamike, ila kanuni ibaki. Koomenjoe awe mwanzo, Mugwe awe sauti iliyo nje ya udhibiti wa mchezaji, na chifu awe jeraha la katikati.

Suala gumu lililobaki ni mwaka wa kumalizia. Wengi wangesimamisha gemu Desemba 1963, bendera ikipanda na Mwariama akishuka kutoka msituni. Mimi ningeisukuma hadi Januari 1965. Baimungi alikuwa amerudi msituni akidai ardhi ambayo wapiganaji hawakupewa, na mwezi huo vikosi vya serikali ya Kenya huru vikamuua. Kufikia hapo mchezaji atakuwa ameacha baraza na kuingia Nairobi, ana polisi, ana jeshi, ana orodha ya machifu walioachwa na mkoloni. Baimungi yuko msituni na wafuasi wake, na skrini inamtaka mchezaji atoe amri.